Tumwache Hapo Mtoni Kwanza

Naitwa Bonaventure, na kwa miaka mingi hapa Stockholm nilijulikana kwa mambo mawili: kupakia mizigo kwenye ndege na kutomaliza tasnifu. La kwanza nililifanya kwa kulipwa. La pili nililifanya kwa moyo.

Warundi wenzangu tunaosali pamoja mtaani Bredäng waliniita "Docteur". Sikuwa daktari wa kitu chochote. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili katika idara ya Kifaransa, chuo kikuu cha Flemingsberg, na vijana niliojiunga nao walikuwa wamekwisha hitimu, wameoa na wameanza kupata vipara. Hata hivyo nilipoitwa Docteur sikumsahihisha mtu. Niliitika haraka, nikaweka sawa miwani ambayo nilikuwa naihitaji kwa kusomea tu.

Mada niliichagua kwa kiburi. Wenzangu walichukua vitabu vyembamba vya siku hizi, na mimi nikaona wembamba ule haunifai mtu niliyewahi kusoma fasihi Bujumbura. Nikachukua hadithi ndefu za Zama za Kati, za mfalme Arthur na mashujaa wake wapanda farasi, zilizoandikwa kwa Kifaransa cha kale. Nilijiambia Kifaransa nakijua, kwa hiyo cha kale ni kilekile kimevaa koti la babu. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nilielewa maneno "na", "mfalme" na "farasi". Aibu ikanizuia kurudisha vitabu. Vilikuwa vingi na vinene kiasi kwamba mke wangu Gaudiose alivipanda alipotaka kufikia kabati la juu jikoni.

Hadithi zenyewe zinakwenda hivi. Shujaa anatoka kumtafuta mfalme aliyepotea. Njiani anamkuta binti analia kando ya kisima, anamwahidi msaada kabla hajauliza ni msaada gani, anageuza farasi. Kabla hajafika anakokwenda kuna daraja, na daraja lina mlinzi mgomvi. Wanapigana, anaumia, anauguzwa na watawa. Halafu, ukiwa umeshika roho mkononi, mwandishi anakuambia bila haya kwamba sasa hadithi inamwacha huyu na kurudi kwa ndugu yake, ambaye wewe ulikwisha msahau zamani.

Msimamizi wangu, Birgitta, alikuwa mama mpole wa Kiswidi aliyependa mambo yanyooke. Aliniambia msomaji lazima kwanza aijue hadithi, kwa hiyo nifanye muhtasari. Muhtasari wangu wa kwanza ulikuwa mrefu kuliko tasnifu nzima iliyoruhusiwa. Aliurudisha na neno moja kwa penseli, "kortare", fupi zaidi. Nikapunguza. "Kortare." Nikapunguza tena. Ilinichukua miaka, kwa sababu nilikuwa nasoma ndani ya treni tu, lakini hatimaye niliuweka ulimwengu ule wote katika aya moja: mashujaa wanatoka, wanapotea, wachache wanarudi. Birgitta alipiga makofi. Nami nikapata hoja yangu kuu, kwamba waandishi wale walikuwa na kipaji ila hawakujua kukata, na kwamba urefu ulikuwa ugonjwa wao. Niliona nimevumbua jambo.

Tatizo la shoka ni kwamba ukilizoea unaona kila kitu ni kuni. Kanisani nilikuwa mkalimani wa mchungaji, na mahubiri yake ya kutwa nzima niliyatafsiri kwa sentensi tatu, waumini wakabaki wananitazama mimi, kisha yeye, kisha mimi. Nyumbani Gaudiose akianza kunisimulia habari za jirani, nilimwuliza, "Kwa kifupi?" Akaacha kunisimulia. Nikadhani nyumba imepata amani.

Sasa nimlete Thierry, maana habari hii ni yake. Thierry ni mtoto wa mdogo wangu Zakayo. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, ananiita baba mkubwa, na tangu tufike Sweden hajawahi kunisumbua kwa lolote. Alisomea uuguzi, akapata kazi hospitalini Flemingsberg, na huko akampata muuguzi mwenzake, Précieuse. Wazazi wa binti ni Kambale na Pélagie, Wakongomani wa Butembo wanaoishi Märsta, karibu na uwanja wa ndege ninakofanya kazi. Siku moja Thierry alikuja kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye kwa kawaida hunijibu kwa Kiswidi: "Baba mkubwa, utanisemea?"

Kifua kilinijaa. Kumsemea ndiko kuposa kwenyewe. Kwetu Burundi, na kwa Wakongomani pia ingawa wana namna zao, upande wa kijana huleta msemaji na upande wa binti huweka wao. Watu wote ukumbini wanajua kilichowaleta, na hakuna anayeruhusiwa kukitaja upesi. Unaanza na njia, na hali ya hewa, na mababu. Wenyeji wanauliza kama mmepotea. Unaomba maji ya kunywa. Wanaapa hawana binti. Mnazungushana hivyo mpaka wazee waridhike, ndipo mlango unafunguka.

"Umejiandaa?" Gaudiose aliniuliza asubuhi ya siku hiyo akinifunga tai.

"Nimejiandaa. Nina muhtasari."

Aliiacha tai ikining'inia, akaenda kutafuta viatu vyake.

Ukumbi ulikuwa chini ya jengo walilokaa, Märsta, familia mbili zimekaa zikitazamana, masufuria yamefunikwa kando ya ukuta, Précieuse amefichwa chumba cha nyuma kama desturi. Msemaji wao alikuwa mzee Édouard, aliyekuwa katekista Butembo, kofia haimtoki kichwani. Alianza vizuri sana. "Wageni wetu, karibuni. Tunaona watu wanaingia tu, hatujue kama ni mvua imewafukuza njiani."

Nje kulikuwa na jua la Juni, hata wingu moja hakuna. Yaani mzee wa watu alikuwa amenifungulia mlango, ameniwekea na mkeka. Mimi nikasimama.

"Asante, mzee. Sisi ni ukoo wa Zakayo kutoka Burundi. Kijana wetu Thierry anampenda binti yenu Précieuse, naye anampenda. Mahari tumekuja nayo. Tunaomba jibu." Nikakaa. Wallahi nilingoja makofi.

Mtoto mdogo wa upande wao akamwuliza mama yake kwa sauti, "Är det klart?" Yaani, imekwisha?

Mzee Édouard alivua kofia, akatazama ndani yake, akaivaa tena. "Docteur, tunakushukuru. Lakini mutu anayeingia kwa watu mbio namna hii ni wa zimamoto ao ni mwizi. Na moto, sisi hatujauona."

Walicheka wao, sisi tukatazama viatu. Kisha akasimama Pélagie, mama wa binti, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema neno. Hakuwa anacheka. "Huyu mutoto nilimutoa Butembo kwa mugongo. Nilitembea naye kwa miguu mpaka Uganda. Kila homa yake naijua. Na weye, baba, unakuja kumuomba na maneno ya kutosha SMS?" Akamgeukia Édouard. "Warudi kwao. Siku watakuwa na maneno, watakuja."

Hawakutuacha na njaa, na hilo ndilo lililouma zaidi. Walitufungia chakula kwenye vyombo vya plastiki, kama watu wanaowahi zamu. Ndani ya treni Thierry alikaa mbele yangu na sambusa mapajani, hakuigusa hata moja. Alinisema kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini, kwamba nimeharibu kila kitu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nisikie vizuri: Précieuse amemwambia hataolewa bila mama yake kumtoa, na mama yake hana mchezo.

"Kwa kifupi," akasema Gaudiose akitazama nje dirishani, "umetuaibisha."

Mzee Édouard alinipigia baada ya majuma kadhaa. Tungepokewa tena Septemba, na baada ya hapo wasingetandika meza mara ya tatu. Thierry hakutaka msemaji mwingine. Nilimshauri amchukue mtu mwenye ulimi, akasema hapana, aliyembeba ndiye atakayemsemea. Afadhali angenitukana. Haikuwa tena habari ya sifa zangu. Mtoto yule angekosa mke kwa sababu yangu.

Nikaandika hotuba ndefu. Niliijaza methali, salamu, mito, milima na baraka za mababu, nikamsomea Gaudiose jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho. "Umeongeza maji kwenye mchuzi," alisema. "Mchuzi ni uleule."

Basi kwa woga, wala si kwa usomi, nikarudi kwenye vile vitabu kutafuta jinsi wenzangu wa kale walivyokuwa wakirefusha. Kwa mara ya kwanza nilisoma bila penseli. Nilipanda treni Märsta baada ya kazi nikielekea Flemingsberg, nikazama humo, na nilipoinua kichwa nilikuwa nimefika mwisho wa reli Södertälje, na chuo kimebaki nyuma. Nilikuwa nimeona mambo ambayo miaka yote nilikuwa nayafyeka. Kila shujaa anayefika kwa mfalme anaulizwa ametoka wapi, na chakula kinapoa mezani mpaka aseme njia yake yote. Mfalme hamwulizi, "Kwa kifupi?" Anamsikiliza, na kule kusikilizwa ndiko kupokewa kwenyewe. Mimi nilikuwa nimeondoa mapokezi, nikabakiza anwani.

Lile la kumwacha mtu njiani na kwenda kwa mwingine bado sikulielewa. Nilijiambia tu kwamba nikikwama nitalitumia, kama mtu anayeazima mwavuli bila kujua kama mvua itanyesha.

Siku ilifika. Ukumbi uleule, masufuria yaleyale. Mzee Édouard akaanza: "Wageni wetu, mumerudi. Mulisahau kitu?"

"Tulisahau maji ya kunywa, mzee," nikasema. "Mara ile tulikimbia hivyo kwa sababu ya kiu." Wakacheka kidogo, hata upande wao. Nikaweka hotuba yangu mfukoni, kwa sababu karatasi ilikuwa inapiga kelele.

Nikaanza na njia. Nikawaambia kuna ndugu wawili waliotoka nyumbani alfajiri, wakati wa vita, na mtoto mmoja. Nikataja mashamba ya mihogo tuliyopita, na mbwa aliyetufuata akakataa kurudi. Nikasema mtoto alikuwa mgongoni kwa baba yake, Zakayo, akilia apewe viazi vitamu vilivyobaki kwenye chungu nyumbani, na jinsi baba yake alivyomwimbia nyimbo za kanisani kwa maneno aliyokuwa anayatunga palepale, yote ya viazi. Thierry aliinua uso. Nikafika mtoni, Rusizi. Ng'ambo ni Kongo. Zakayo alikunja suruali mpaka magotini, kisha akatazama nyuma. Mama yetu, aliyekuwa anatufuata nyuma, alikuwa bado hajatokea. Akamfungua mtoto, akamfunga mgongoni kwangu kwa nguo ya mama, akakaza fundo mara mbili. Akasema, vuka naye, mimi namngoja mama.

Hapo nikakwama. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, na Pélagie mbele kabisa, mikono kifuani. Ndipo nikaufungua ule mwavuli.

"Mzee," nikasema, "tumwache hapo mtoni kwanza. Kuna njia nyingine. Kuna mama aliyetoka Butembo na binti mgongoni. Ila njia ile mimi siijui, na asiyejua njia haongozi watu. Naomba mwenyewe atuongoze."

Sijawahi kusikia msemaji wa upande wa kijana akiomba mama wa binti aseme. Édouard mwenyewe alishika kofia. Pélagie aliikunjua mikono, akaikunja tena, nikahesabu kwamba nimeshamwoza Précieuse kwa mtu mwingine. Kisha akasimama, akaanza polepole, kama anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Alipoupata hakuna aliyemzuia. Alisema jinsi walivyolala chini ya migomba, na jinsi alivyobadilisha kitenge chake cha harusi kwa kibuyu cha maziwa, kwa sababu mtoto alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Kambale, mumewe, akaingilia kusahihisha rangi ya kitenge, wakabishana, tukashiriki, upande wetu ukasema kilikuwa cha kijani. Watoto waliacha simu zao. Précieuse alitoka chumba alichofichwa, desturi ikavunjika tena, akasimama mlangoni na vipodozi vikimtiririka, kwa sababu habari ya kitenge hakuwahi kuisikia. Chakula kilipoa chote. Pélagie alipokaa chini alikuwa amechoka kama aliyefika Uganda muda ule.

Mzee Édouard alisimama. Alikuwa na hotuba, niliiona karatasi. Hakuifungua. "Mulikuja kutafuta maji," alisema. "Maji iko. Mumuchukue." Vigelegele vikapasuka, na Gaudiose akanipiga ngumi ya bega, ambayo kwetu nyumbani ni nishani.

Jioni tukapanda treni kurudi. Gaudiose alisinzia kabla hatujaondoka kituoni. Thierry akaja kukaa karibu nami. Lakini tumwache Thierry ndani ya treni kwanza, niseme neno la tasnifu, kwa kuwa watu huwa wananiuliza.

Tasnifu niliiandika upya. Aya yangu ya mashujaa wanaotoka na kupotea niliitupa, na ile hoja ya ugonjwa pia. Badala ya kueleza kitabu kizima nilichukua mtu mmoja aliyeachwa kwenye kivuko na mwandishi, nikamfuata msomaji katika kurasa zote anazopita huku amembeba mtu yule moyoni, mpaka hadithi inapomrudia. Birgitta alisoma, akavua miwani. "Men Bonaventure," yaani lakini Bonaventure, akasema, "ni ndefu." Nikamwambia asante sana. Alidhani sikuelewa Kiswidi, akarudia. Nikashukuru tena. Nilifaulu kwa alama za kawaida kabisa, na Jumatatu yake nikaenda kupakia mizigo. Kanisani bado wananiita Docteur, na bado naitika. Vitabu vimerudi maktaba, Gaudiose amenunua kigoda.

Sasa hadithi inarudi ndani ya treni.

Thierry akasema, "Baba mkubwa, ulimwacha mtoni."

Kweli. Katika furaha ile yote hakuna aliyemkumbuka, hata mimi. Maji yalikuwa yamepatikana, binti ametolewa, na Zakayo hakuna aliyemrudia.

"Unajua ilivyokwisha," nikamwambia.

"Najua. Alikufa. Nimejua tangu mdogo." Alitazama mikono yake. "Lakini leo, wakati mama Pélagie anasema, muda wote ule, alikuwa amesimama pale. Amekunja suruali. Nilikuwa namwona."

Miaka yote ile ya vitabu na treni, na ndipo nilielewa. Mtu aliyeachwa mtoni hafi. Anasimama, anangoja, mpaka hadithi imrudie. Wale waandishi wa kale walijua kukata kuliko mimi. Walikuwa na watu wao ambao hawakutaka kuwafikisha mwisho wa njia. Nililia ndani ya treni ya Wasweden, mtu mzima na tai yangu, na abiria wakatazama madirishani kwa adabu. Nilimlilia ndugu yangu. Nilikuwa nimemlilia siku zote, ila kwa kifupi.

Nikafuta macho, nikamwuliza Thierry, "Nikumalizie?"

"Nej, hapana," akasema. "Sema. Lakini ile ndefu."

Treni ilikuwa ndiyo kwanza inaiacha Märsta. Nikamwambia kwamba baba yake alizaliwa siku ya mvua ya mawe, na kwamba utotoni alikuwa mwoga wa mbuzi, hasa yule mweupe wa mwalimu, na nikaanza na mbuzi yule, pembe zake, kamba yake, mwalimu mwenyewe na mke wa mwalimu, kwa sababu sikutaka Zakayo afike mtoni upesi.